Nani Anayehitaji Kuhamasishwa?

Kuna neno moja lililonichosha masikio, nalo ni "uhamasishaji". Kila inapotajwa habari ya kichaa cha mbwa, neno hilo hutangulia kama mpiga baragumu. Wananchi wa vijijini hawana uelewa, tunaambiwa, basi wahamasishwe. Ikifika tarehe 28 Septemba, ambayo tangu mwaka 2007 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, hema hupigwa, fulana hugawiwa, hotuba husomwa, na hotuba ikiisha mkosaji huwa amekwisha kupatikana: ni mwanakijiji. Haoshi jeraha. Hampeleki mbwa wake kuchanjwa. Hukimbilia kwa mganga. Huchelewa kufika kituo cha afya.

Mimi napinga. Sisemi kwamba elimu haina kazi. Mimi mwenyewe ni mwanafunzi, nitasemaje hivyo? Nasema somo limepelekwa kwa asiyelihitaji sana, na anayelihitaji ndiye aliyeshika kipaza sauti.

Hebu tulitazame neno lenyewe, maana sisi ni wanafunzi wa lugha na maneno ndiyo kazi yetu. Kuhamasisha ni kumtia mtu hamasa, kumchochea moyo hata ainuke atende jambo. Sasa mama aliyembeba mtoto mgongoni, akakodi boda boda kwa pesa za kukopa, akapita barabara ya udongo mpaka kituo cha afya, huyo anahitaji hamasa gani tena? Ameshainuka. Ameshatenda. Kinachomrudisha nyuma ni jibu analopewa dirishani, kwamba chanjo hakuna, ajaribu kwingine.

Naandika nikiwa Lubaga, na najua yuko atakayeuliza mtoto wa mjini anajua nini juu ya vijiji. Ajue kwamba Lubaga ni mlango wa vijiji. Barabara ya Masaka na ile ya Mityana hukutana Busega, na watu wengi wa Mpigi, Butambala, Gomba na Mityana huingia Kampala kwa kupitia hapo na Nateete. Wakija wazima huleta matoke na kuku. Wakija wagonjwa huleta barua ya rufaa, kwa sababu vilima vyetu vimezoeleka kwa hospitali tangu enzi za mababu: ya Mengo ilianza mwaka 1897, ya Lubaga mwaka 1899. Shida za kijijini tunaziona zikishuka kwenye teksi.

Nitatoa mfano wa kwetu. Kijijini kwa nyanya yangu mzaa mama, upande wa Gomba, mbwa asiyejulikana mwenyewe alipita njia ya kisimani asubuhi akawauma watoto wawili: mvulana wa miaka saba mguuni, chini ya goti, na msichana wa miaka mitano usoni. Hakuna aliyehitaji semina ili ajue kwamba hilo ni jambo la hatari. Wazee walitamka "eddalu ly'embwa" kabla hata mbwa hajauawa. Mama wa watoto wote wawili waliondoka saa ile ile. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili, kikubwa zaidi, nacho hakikuwa nayo, na mhudumu, ambaye simlaumu, aliwaandikia jina la dawa kwenye kipande cha karatasi wakainunue. Bei ya dozi moja dukani ilizidi kile wanachopata kwa wiki nzima ya kulima vibarua, na dozi yenyewe si moja.

Mvulana alikuwa na jamaa Lubaga, yaani sisi. Akalala kwetu, ndugu wakachangishana, akachomwa sindano zake kwa siku zilizopangwa. Leo anacheza mpira. Msichana hakuwa na mtu huku. Alipata dozi moja iliyonunuliwa kwa kuuza mbuzi, kisha pesa zikaisha. Baada ya wiki sita hivi alishikwa na homa, akaanza kuweweseka, akakataa kunywa, akafa kabla ya wiki kwisha. Karatasi yake iliandikwa malaria iliyopanda kichwani.

Mama hao wawili walikuwa na hofu sawa na elimu sawa. Kilichowatofautisha ni godoro la ziada Lubaga. Atakayeniambia kwamba yule wa pili hakuhamasishwa, aje aniambie mbele ya nyanya yangu.

Karatasi ile ya malaria haikunishangaza nilipoanza kusoma habari hizi. Watafiti wa Blantyre, Malawi, walichapisha mwaka 2007 matokeo ya uchunguzi wao: kati ya vifo 26 ambavyo awali vilihesabiwa kuwa vya malaria ya ubongo, 3 vilikuwa vya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hauji daima na povu na hofu ya maji kama tulivyozoea kusikia. Nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo kwa kufuata idadi ya watu walioumwa na mbwa, ukaonyesha kwamba idadi halisi inaweza kufika mara 100 ya ile iliyomo katika taarifa rasmi. Dunia nzima hukadiriwa kupoteza watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Tazameni mzunguko ulivyo. Anayeandika bajeti hufungua taarifa, huona vifo vichache, husema ugonjwa huu ni mdogo. Ukiwa mdogo hautengewi fedha za kutosha. Fedha zisipotosha, chanjo haifiki. Chanjo isipofika, watoto hufa na kuzikwa kwa jina la ugonjwa mwingine, na taarifa ya mwaka unaofuata huonyesha tena vifo vichache. Katika mzunguko huo wote mwanakijiji amefanya kosa gani?

Linaloniuma zaidi ni kwamba ugonjwa wenyewe hutupa nafasi. Virusi vinavyoingia kwa mate ya mbwa havirukii ubongo siku hiyo hiyo. Husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu, mara nyingine kwa wiki chache tu, hasa jeraha likiwa karibu na kichwa. Muda huo wote chanjo inaweza kuwahi mbele. Ni magonjwa machache sana ambayo mtu akishaambukizwa bado unaweza kumchanja akapona asiugue kabisa. Lakini dalili zikishatokea, mlango umefungwa. Karibu kila mtu hufa. Tunapenda kuandika ukutani kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Hapa tiba haipo, kwa hiyo ulinganisho huo hauna maana.

Na chanjo yenyewe si ugunduzi wa jana. Januari 1885, hapa Busega, vijana watatu Wakristo waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, wa kwanza katika orodha ya mashahidi wa Uganda ambao kila mmoja wetu aliwasoma shuleni. Julai ya mwaka huo huo, Paris, Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Chanjo hii ina umri mmoja na kumbukumbu za Busega. Miaka 140 imepita na bado inashindwa kusafiri kutoka Kampala mpaka Gomba.

Najua hoja ya upande wa pili, nami sitaikwepa. Wapo watu wanaopaka jeraha majivu au mafuta ya taa. Wapo wanaokwenda kwa mganga wa miti shamba kwanza, na hospitali ikawa ya pili au isiwe kabisa. Hilo ni kweli. Ila badala ya kuwacheka, tuulize kwa nini mganga anaaminika. Sababu ya kwanza ni hesabu. Mbwa wengi wanaouma watu hawana kichaa. Na hata mbwa mwenye kichaa akiuma, si kila anayeumwa huugua. Kwa hiyo mganga akipokea watu kumi, huenda wote kumi wakapona, na angepaka jeraha hata uji wa ulezi wangepona vile vile. Jirani anayeona watu kumi wamepona kwa macho yake hawezi kuitwa mjinga. Ametumia ushahidi alio nao. Anayetaka kumtoa kwenye imani hiyo amweleze hesabu hii waziwazi, kwa heshima, badala ya kumwambia kwamba mila zake ni za giza. Sijasikia hotuba hata moja iliyofanya hivyo.

Sababu ya pili ni rahisi zaidi. Mganga yuko. Yuko usiku, yuko Jumapili, anapokea kuku au ahadi ya kuku, na hamwambii mtu arudi wiki ijayo.

Nitaambiwa pia kwamba chanjo hii inataka baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, na kwamba vijiji havina umeme. Ajabu ni kwamba chanjo ya surua nayo inataka baridi hiyo hiyo. Vituo vya afya vya daraja la tatu vina friji za chanjo za watoto, nyingine za jua, nyingine za gesi, na sanduku la barafu hupanda boda boda mpaka mwisho wa njia siku ya kliniki ya nje. Njia ya baridi tunayo tayari. Ilijengwa kwa miaka mingi na wauguzi wanaostahili sifa kuliko wanazopewa. Kinachokosekana ni chupa za chanjo ya kichaa cha mbwa ndani ya friji hizo, na huko ndiko nataka uhamasishaji upelekwe: kwenye orodha ya maagizo, kwenye bohari, kwenye meza inayoamua wilaya gani ipate chupa ngapi. Tangu mwaka 2001 matibabu katika vituo vya serikali ni bure, lakini kwa dawa isiyokuwepo neno bure ni tusi.

Hata bei imekuwa kisingizio kuliko inavyostahili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu wa kuchoma dozi ndogo ndani ya ngozi, sehemu mbili za mwili, siku ya kwanza, siku ya tatu baadaye na siku ya saba. Wiki moja, kazi imekwisha. Chupa moja huhudumia watu kadhaa badala ya mmoja. Kinachotakiwa ni muuguzi aliyefundishwa namna ya kuingiza sindano ndani ya ngozi bila kuipitisha, na mpango wa kuwakusanya walioumwa ili chupa iliyofunguliwa isimwagwe. Hayo ni mafunzo ya siku chache. Mwaka huo huo wa 2018 shirika la Gavi liliamua kuiingiza chanjo hii katika misaada yake; janga la UVIKO-19 likachelewesha, na nchi zikafunguliwa mlango wa kuomba mwaka 2024. Kuna dirisha, basi. Ile sindano nyingine ya kingamwili, inayodungwa kuzunguka jeraha kubwa kama la usoni, ni adimu na ghali zaidi, na kuhusu hiyo sina jibu rahisi la kutoa.

Halafu kuna suala la nani mwenye mzigo. Mbwa ni wa wizara ya kilimo na mifugo. Mtu ni wa wizara ya afya. Jeraha liko katikati, na kwa muda mrefu kila upande umeweza kuutazama upande wa pili. Mwaka 2017 wataalamu wa sekta hizo zote walikaa pamoja nchini mwetu wakachagua magonjwa saba ya kutoka kwa wanyama yapewe kipaumbele, na kichaa cha mbwa kikawa kimojawapo. Vizuri. Ila mama wa Gomba hawezi kumchoma mtoto wake sindano ya kipaumbele.

Kuhusu mbwa wenyewe nitasema kwa ufupi, maana mambo yake yanajulikana. Kuwaua kwa sumu hakujamaliza ugonjwa huu. Wanaobaki huzaa, wengine huhamia, na mara nyingi wanaouawa ni wale waliokwisha kuchanjwa. Kinachofaa ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100, na kurudia, maana mbwa hawaishi miaka mingi na watoto wao huzaliwa bila kinga. Ndugu zetu wa Pemba wametuonyesha. Kampeni za kuchanja mbwa ziliupoteza ugonjwa kisiwani humo mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016 baada ya chanjo kulegea, wakaanza tena kuchanja wakaukomesha. Wapemba hawakupewa kwanza shahada ya elimu ya mbwa. Walipelekewa chanjo mahali wanapofika kwa miguu, wakaleta mbwa. Hata hapa Lubaga, siku ya chanjo ya bure ikitangazwa, utawaona watoto wamepanga foleni na mbwa waliofungwa kamba za katani, wengine wakubwa kuliko wao.

Sasa nigeukie upande wetu, wenzangu wa lugha, maana nasi tuna deni. Mabango mengi niliyoyaona ukutani katika vituo vya afya yameandikwa kwa Kiingereza. Katiba yetu iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali wako maelfu ya Wakongo ambao Kiswahili ndicho wanachoelewana nacho na muuguzi. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia mzazi afanye nini mtoto akiumwa na mbwa, urasmi wake uko wapi?

Lakini kutafsiri tu hakutoshi, kwa sababu jina lenyewe la ugonjwa lina mtego. Kiswahili husema kichaa cha mbwa, Kiganda husema vile vile, na lugha zote mbili humfanya msikilizaji asubiri kuona kichaa. Humtafuta mbwa anayekimbia ovyo, macho mekundu, akiuma mawe. Ugonjwa huu una sura nyingine ya kimya. Mbwa hulegea, hujificha, taya huanguka, mate humtiririka, na mwenye huruma hudhani amekwama mfupa kooni akamtia mkono kinywani. Wengine huumwa na mtoto wa mbwa wa nyumbani au paka, wakaona ni mchezo. Sipendekezi tubadilishe jina. Majina hayabadilishwi kwa insha. Napendekeza kila tunapoliandika tuandike pia kwamba mbwa mpole asiyeweza kufunga mdomo anaogopesha sawasawa na yule mkali.

Na hapa ndipo nakubali kwamba lipo somo la kweli la kufundisha, nalo ni sabuni. Sabuni huviua virusi hivi, ikiwa jeraha litaoshwa mara moja, kwa maji yanayomiminika, kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Ukijimwagia kwa kikombe utamaliza jerikeni nzima, na kwa mtu anayechota maji mbali hilo ni jambo la kuamua, si la kufanya tu. Wengi huosha kwa dakika moja wakafunga kitambaa. Hilo lifundishwe redioni, misikitini, makanisani, kwenye mikutano ya LC1, na timu za afya za vijiji.

Ombi langu kwa idara yetu ni kazi ya vitendo. Kabla ya tarehe 28 Septemba ijayo tuandike bango moja, kwa Kiswahili na Kiganda, nasi wenyewe tulipeleke kwa viongozi wa wilaya zinazopakana na njia zetu hizi mbili. Rasimu yangu ni hii:

UMEUMWA AU UMEKWARUZWA NA MBWA AU PAKA? Osha jeraha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayomiminika, dakika 15. Usingoje kuona kama mnyama atakufa. Nenda leo ukachanjwe. Rudi siku zote ulizoandikiwa, hata kama jeraha limepona. Chanjo ya bure iko katika kituo cha ____________.

Nafasi hiyo ya mwisho nimeiacha wazi makusudi. Ijazwe na wilaya, kwa wino, na isainiwe na atakayeijaza, ndipo bango lichapishwe.